Maswali na Majibu: Kujipangia Masomo Ukubwani

Barua nne kati ya zilizotufikia tangu toleo lililopita zinahusu jambo moja: mtu mzima mwenye kazi na familia anataka kujifunza jambo kwa juhudi zake mwenyewe, bila shule na bila mwalimu wa kumsimamia, na kila akijaribu mambo yanamwendea kombo. Karibu zote zinaanza kwa kukumbusha kwamba elimu haina mwisho. Nimezisoma kwa makini, nami naona kwamba taabu ya walioziandika haiko kwenye mwisho bali kwenye mwanzo, yaani pale mtu anapokaa na kalamu na karatasi kujipangia. Kwa sababu hiyo nimeijibu barua ya kwanza kwa kirefu kuliko nyingine.

*Mpendwa mhariri wa safu, mimi ni mama wa miaka 38 na kazi yangu ni kutunza ghala. Kazini kwetu kunatajwa nafasi ya karani wa hesabu, nami nimeamua kujifunza peke yangu utunzaji wa vitabu vya hesabu. Nimekwisha kuanza mara tatu. Kila mara huchora ratiba nzuri yenye rangi: muda wa saa tatu kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kitabu kizima kiwe kimekwisha baada ya miezi miwili. Kila mara ratiba hiyo hufa katika wiki ya tatu. Je, ni uvivu wangu, au kuna namna ya kupanga ambayo siijui? – Mtunza Ghala*

Dada yangu, mvivu haanzi mara tatu. Ulichokuwa nacho mara zote hizo ni ratiba, na ratiba peke yake si mpango. Ratiba humwambia mtu aketi lini. Mpango humwambia atakapoinuka awe anaweza kufanya nini ambacho hakukiweza alipoketi. Nilijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilijipangia kujifunza Kifaransa kwa kusoma sura moja kila siku, na nilitimiza ratiba yangu bila kukosa hata siku moja. Kitabu kilikwisha kwa wakati, nami nikajipongeza. Wiki iliyofuata nilikutana na mzungumzaji wa lugha hiyo, nikashindwa hata kumuuliza saa.

Mwalimu wa Kimarekani Malcolm Knowles, ambaye aliandika sana kuhusu elimu ya watu wazima, alieleza mwaka 1975 kwamba anayejiongoza katika masomo hufanya mambo matano, awe na msaidizi au asiwe naye: hutambua mahitaji yake, huweka malengo, hutafuta watu na vitu vya kumsaidia, huchagua njia na kuitumia, kisha hupima matokeo. Alipendekeza pia mtu ajiandikie mkataba wa kujifunza wenye safu kadhaa, na mojawapo ya safu hizo ni ya ushahidi: ni kitu gani kitakachoonyesha kwamba lengo limefikiwa, na ni nani au ni kipimo gani kitakachothibitisha. Wako wanaomkosoa Knowles kwa kudhani kwamba kila mtu mzima yuko tayari kujiongoza, na nadhani wana hoja. Hata hivyo, safu hiyo moja ya ushahidi ina thamani kuliko ratiba zote za rangi nilizowahi kuziona, na ningekuomba uanze nayo kabla ya kugusa kalenda.

Tuichukue kazi yako yenyewe. Katika ratiba yako ya zamani nakisia kuliandikwa “kusoma sura ya nne”. Sentensi hiyo haina ushahidi ndani yake, kwa kuwa macho yanaweza kupita juu ya kurasa zote za sura ya nne na kichwa kikabaki kama kilivyokuwa. Badala yake andika hivi: “Nikipewa ankara na stakabadhi 20 zilizochanganywa, nitaziandika kwenye jarida, nitazihamishia kwenye leja na kutoa urari unaolingana pande zote mbili, bila kufungua kitabu.” Hapo kuna jambo la kufanya, kuna kiasi, na kuna sharti la kutochungulia. (Kwa msomaji mgeni: jarida hapa ni daftari la kuandikia miamala kwanza, leja ni kitabu chenye kila akaunti mahali pake, na urari ni orodha ya salio za akaunti zote.) Uzuri wa somo lako ni kwamba lina hakimu wake ndani, maana kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, na jumla zisipolingana utajua umekosea kabla mtu mwingine hajakuambia.

Ningeongeza mstari wa pili wa ushahidi: “Urari ukikataa kulingana, nitaweza kulitafuta kosa kwa utaratibu.” Makarani wa siku nyingi hutazama kwanza ile tofauti. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, hushuku kwamba mahali fulani tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kwa mfano 540 imeandikwa 450, tofauti ikawa 90. Ikiwa tofauti ni shufwa, hutafuta kiasi kilicho sawa na nusu yake ambacho huenda kimeandikwa upande usio wake. Tena wanajua kwamba urari unaolingana bado unaweza kuficha makosa, kwa kuwa muamala uliosahauliwa kabisa, au ulioingizwa kwenye akaunti isiyo yake, hauvurugi jumla. Ukiyaandika hayo kuwa malengo, utaona jinsi masomo yako yanavyobadilika: hutasoma tena ili kumaliza kitabu, utakifungua kitabu kutafuta jibu la swali linalokusumbua.

Jambo la pili ni kupima ulipo kabla ya kupanga uendako. Wewe si mgeni wa hesabu. Mtu anayeandika bidhaa zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki tayari anaelewa salio ni nini, na anajua uchungu wa kuhesabu mali iliyopo na kukuta haifanani na daftari. Chukua miamala kumi ya mfano leo hii, jaribu kuiandika kwenye jarida ukiwa hujasoma chochote, na uweke alama pale unapokwama. Alama hizo ndizo mahitaji yako. Ninakuhakikishia kwamba hazitaanzia ukurasa wa kwanza wa kitabu, na huenda mara tatu zote ulichoshwa na sura za mwanzo ambazo hukuzihitaji.

Sasa tunaweza kuzungumzia muda. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya wanadamu ya kukadiria kazi zao kwa matumaini kupita kiasi, hata pale uzoefu wao wenyewe unapowaonyesha vinginevyo. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, na wakatumia siku 55.5. Hao walikuwa vijana ambao masomo ndiyo kazi yao, nawe unatoka ghalani jioni ukiwa umesimama mchana kutwa. Muda wa saa tatu kwa siku tano za wiki ni saa 15, na sidhani kama yupo mwenye ajira na watoto anayezipata wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo, wiki ya kwanza usipange chochote. Soma unapoweza, uandike kila jioni ulisoma kwa dakika ngapi na ulimaliza mazoezi mangapi. Tuseme wiki hiyo inakupa saa nne na mazoezi sita. Basi hicho ndicho kipimo chako, na mpango ujengwe juu yake badala ya kujengwa juu ya mtu unayetamani kuwa. Siku nne zitoshe kwa masomo, na ya tano iwe siku ya viporo, ambayo haipangiwi jambo jipya kamwe. Mtoto ataugua, mzigo utachelewa kufika ghalani, umeme utakatika, na kazi ya jioni hiyo itahamia siku ya viporo pasipo kuivuruga wiki nzima. Ninavyoisoma barua yako, ratiba zako zilikufa katika wiki ya tatu kwa sababu hazikuwa na mahali pa kuweka jioni iliyopotea: deni la jioni moja lilibebwa na jioni ya pili, na baada ya siku kumi lilikuwa kubwa kiasi kwamba kuliacha kulikuwa rahisi kuliko kulilipa.

Kuhusu kuketi kwenyewe, mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba nia hutimizwa zaidi inapofungwa kwenye tukio mahususi kwa mtindo wa “ikiwa hivi, basi vile”. Usiandike “nitasoma jioni”. Andika: “Nikishaosha vyombo vya chakula cha usiku, nitakaa kwenye meza ileile, nifungue daftari mahali nilipoweka alama jana, na nifanye zoezi moja.” Naomba uliangalie hasa neno “moja”. Kufanya mawili au matatu si kosa, lakini mkataba wako na nafsi yako uwe wa zoezi moja, ili hata jioni mbaya iweze kuutimiza.

*Mheshimiwa mhariri, nina miaka 55. Ninajisomea historia na sheria za kazi, kwa kuwa wenzangu wamenichagua niwawakilishe kazini. Nasoma kwa bidii, hata mara nne kwa ukurasa, nikipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Baada ya wiki moja sikumbuki kitu. Nadhani kichwa kimezeeka. Nipange vipi masomo ya kichwa kilichozeeka? – Mwakilishi*

Kaka yangu, usikihukumu kichwa kabla ya kuichunguza kalamu nyekundu. Ni kweli kwamba kadiri umri unavyosonga kasi ya kuchakata mambo mapya hupungua, lakini msamiati na maarifa ya jumla hubaki imara kwa miaka mingi, na msomaji wa sheria mwenye miaka 30 ya kazi ana mahali pa kuzitundika kanuni ambapo kijana hana. Kinachokusumbua humsumbua kila mtu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, msomi wa Kijerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa za mwanzo, kisha kasi yake hupungua.

Dosari iko kwenye njia yenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma; baadhi wakazisoma tena, na baadhi wakafunga makala na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Tazama mtego ulipo: kurudia kusoma hushinda kweli, ila hushinda kwa dakika tano tu. Ukurasa unaousoma mara ya nne hukuteremkia kama maji, nawe huufasiri wepesi huo kuwa ni ujuzi.

Kwa hiyo panga masomo yako kuzunguka maswali. Ukimaliza kifungu kuhusu kuachishwa kazi, funga kitabu, chukua karatasi tupu na uandike: ni sababu zipi zinazokubalika, notisi ni ya muda gani, ni nani anayeweza kukata rufaa na kwa nani. Utakwama. Vumilia dakika mbili za kukwama kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu katika dakika hizo ndipo kazi inapofanyika. Kisha rudi kwenye maswali hayohayo kesho yake, baada ya siku nne, baada ya siku kumi, na baada ya mwezi. Ukitaka chombo cha kukusimamia, mwandishi wa habari wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 njia ya kisanduku chenye vyumba kadhaa. Kila kadi ina swali mbele na jibu nyuma. Ukijibu sawa kadi husogea chumba cha mbele ambacho hutazamwa mara chache zaidi, na ukikosea hurudi chumba cha kwanza. Sanduku la viatu linatosha. Kadi zinazong’ang’ania chumba cha kwanza ndizo zitakazokuonyesha ulipo udhaifu wako, na hapo ndipo saa zako za wiki inayofuata zinapopaswa kwenda.

Nina ombi moja zaidi. Usiziandike kadi kwa maneno ya sheria pekee. Kwa kuwa umechaguliwa kuwasemea watu, andika upande wa mbele malalamiko kama atakavyoyaleta mwenzako: “Nimepewa barua leo niondoke kesho, nina haki gani?” Upande wa nyuma weka jibu pamoja na namba ya kifungu. Kadi ya namna hiyo hukuzoesha kukumbuka katika hali ileile utakayoitumia.

*Shikamoo mwalimu. Nilifanya jaribio kwenye intaneti likaniambia mimi ni mtu wa kujifunza kwa macho. Je, nitupe vitabu nibaki na video tu? – Msomaji wa Kila Toleo*

Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu madai hayo, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Somo lenyewe ndilo linaloamua: ramani hutazamwa, matamshi husikilizwa, na baiskeli hupandwa.

*Ndugu mhariri, simu yangu imejaa. Nina kozi 11 za kompyuta ambazo nimejiandikisha bila malipo, vitabu 40 nilivyopakua, na makundi matatu ya majadiliano. Nataka kujifunza kutengeneza programu ndogo, lakini kila jioni hutumia nusu saa kuchagua nianze na ipi. Na hata nikichagua, hakuna mtu wa kunisahihisha. Nishike lipi? – Mwenye Simu Iliyojaa*

Ndugu yangu, kukusanya vitu vya kusomea kuna utamu unaofanana sana na utamu wa kusoma, na ndiyo maana ni hatari. Wakati wa vitabu haba, kupanga masomo kulikuwa na maana ya kutafuta. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ni kuacha. Chagua kozi moja iwe mhimili wako na kitabu kimoja cha kukimbilia pale kozi inapokuwa na ukungu. Usitafute iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa anayeanza hana kipimo cha kuitambua. Nina maswali mawili tu ya kuchujia: je, ina mazoezi yenye majibu, na je, katika saa ya kwanza inakufanya uandike kitu kwa mikono yako? Ikiyapita hayo inatosha. Nyingine kumi usizifute kama roho itauma, ila ziondoe mahali unapoziona, na ujiwekee tarehe, tuseme baada ya wiki sita, ambayo kabla yake huruhusiwi kuhama.

Swali lako la kusahihishwa ni zito zaidi, na ningependa wasomaji wote wanaojisomea peke yao walitafakari. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning walionyesha kwamba wasiojua jambo vizuri hukosea pia katika kujipima, kwa sababu ujuzi unaohitajika kulitenda jambo ndio huohuo unaohitajika kuona kama limetendwa vibaya. Kwa hiyo mpango wa anayejifunza peke yake sharti uwe na jicho la pili. Katika fani yako jicho la kwanza ni kompyuta yenyewe, ambayo hukataa kuendesha programu yenye kosa la kiuandishi. Lakini kompyuta haitakuambia kwamba programu inayoendeshwa vizuri inatoa jibu la uongo, wala kwamba umeandika mistari 60 pale ambapo sita ingetosha.

Hapo ndipo kundi moja kati ya yale matatu litakapokufaa, na mengine mawili uyatoke. Usiingie humo kwa kuuliza “nianze wapi”, kwa kuwa utapata majibu 20 na kozi ya kumi na mbili. Ingia na kazi yako: “Nimeandika programu ya kujumlisha matumizi ya mwezi. Nikiweka sifuri inasimama. Nimejaribu hiki na hiki. Ni wapi nimekosea?” Watu wenye ujuzi huchoshwa na maswali ya jumla lakini hushindwa kulipita kosa dogo lililo mbele ya macho yao bila kulirekebisha, hiyo ni hulka yao, nawe huna dhambi ukiitumia. Mbali na kundi, tafuta mtu mmoja ambaye utamwonyesha kazi yako kila baada ya wiki mbili. Hata asipoijua fani, akiweza kuitumia programu yako bila wewe kusimama nyuma yake ukimwelekeza, atakuwa amekupima.

Fungua pia daftari la makosa, la karatasi, si ndani ya simu hiyo. Kila kosa lipate mistari mitatu: nilitarajia nini, kilitokea nini, na chanzo kilikuwa kipi. Kila Jumapili soma daftari hilo kabla ya kupanga wiki, na kosa lililojitokeza mara tatu liwe ndilo somo la Jumatatu, hata kama kozi yako inasema uende sura inayofuata.